Niliulizwa Kama Mwanangu Amewekewa Damu, Nikasema Hapana

Aliyedanganya ni mimi. Si daktari, si mashine, wala si mama mkwe wangu, ingawa nilimlaumu kwa muda mrefu. Ni mimi, kwa mdomo huu huu ninaouzia chumvi sokoni Bwera.

Nisikilizeni taratibu. Sitaki huruma yenu. Nataka mwelewe, ili asitokee mwingine.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa mvulana. Kwetu sisi Wakonzo jina halitafutwi. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Baluku, na kuendelea hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa amekodi shamba la mpunga kule Mubuku, akikaa huko wiki nzima na kurudi Jumamosi. Mimi nilibaki Bwera na magunia yangu ya chumvi ya Katwe, Mumbere mgongoni.

Alikuwa hajatimiza miaka miwili alipopata homa kali. Asubuhi alinyonya vizuri. Mchana nikafunua kope zake, nikaona ndani kweupe kama karatasi! Nilikimbia naye hospitali bila hata kufunika chumvi.

Daktari alimtazama mara moja tu. "Mama, damu imeisha. Tukingoja, mtoto anakwenda. Tumuwekee sasa hivi?"

Sasa hapo palikuwa na mwiba. Shemeji yangu mmoja aliwekewa damu akiwa kijana, akafa siku ile ile. Tangu hapo mama yao aliapa, na mume wangu akashika kiapo hicho kama amri ya Mungu. Mama mkwe alizoea kuniambia, "Muke wa mutoto wangu, damu ya mutu hatumujui haiingie mu nyumba yangu. Hata mbuzi tunauliza inatoka kwa nani!"

Nilimwambia daktari, "Weka."

Na hilo silijutii hata leo! Chupa ilipokuwa inakwisha, midomo ya mwanangu ilirudisha rangi, akaanza kulia kwa njaa. Sijawahi kusikia kilio kitamu vile. Damu ile haikuwa kosa. Kosa lilikuja Jumamosi.

"Walimupa nini?" mume wangu aliuliza, kabla hata hajavua buti za shamba.

"Dripu ya maji tu. Na dawa ya malaria."

"Mungu iko," akasema, akambeba mtoto. Uongo wangu ukakaa kimya kwenye kona ya nyumba.

Wiki chache baadaye vidole vya Mumbere vilivimba, mikono na miguu. Ukimgusa anapiga kelele. Mume wangu mwenyewe alisema twende Kasese apimwe damu. Tulimkuta kwenye maabara mzee mmoja aliyewahi kuwa mganga wa jeshi, watu wote wanamwita Afande.

"Kaa! Toa mkono! Usilie, askari halii!"

Mumbere alishangaa hata akasahau kulia. Tukacheka sote. Ee Mungu, tulicheka!

Afande akasema mikono ya namna ile humfanya afikirie siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Atachukua damu, ipelekwe Kampala kwenye mashine inayotenganisha aina za damu. Kisha akaniangalia usoni.

"Mama. Hii mtoto ilipewa damu ya mtu mwingine? Hii miezi mitatu, mine?"

Mume wangu alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika kiatu kimoja cha mtoto.

"Hapana, Afande."

"Fikiri. Kama ilipewa, kipimo itadanganya sisi wote. Sema tu, mutarudi miezi mine ikipita."

"Hapana."

Mnajua, sokoni kila siku wateja huniuliza, "Mama Mumbere, hii chumvi umechanganya?" Nami hujibu hapana kabla hawajamaliza swali. Mdomo wangu ulikuwa umezoea. Lakini siku ile sikuwa nauza chumvi!

Basi ngoja niwaeleze kwa chumvi hiyo hiyo, maana ndiyo shule yangu.

Kila mtoto hupokea chembe ya urithi wa damu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ikiwa moja tu ni mbovu, anaishi kama wengine, anaibeba tu bila kuugua. Watu wa maabara huandika AS. Ikiwa zote mbili ni mbovu, huandika SS. Huyo ndiye mgonjwa. Damu yake hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa ikaleta maumivu, na huharibika upesi, ndiyo sababu huisha.

Sasa chukua gunia la chumvi chafu, ongeza juu yake chumvi nyeupe ya daraja la kwanza, koroga. Mnunuzi akichota kiganja ataona nini? Ataona zote mbili. Hawezi kujua kwamba gunia lenyewe lilikuwa chafu tupu.

Damu ya Mumbere ilikuwa mbovu tupu. Ile nzuri ilikuwa ya mtu mwingine, Mungu ambariki popote alipo. Mashine ikaona zote mbili. Haikukosea! Ilisema kweli juu ya gunia, ila gunia lilikuwa la watu wawili, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Jibu likaja: AS.

"Anabeba tu," Afande alisema, lakini alikunja uso. "Hii mikono hainipendezi. Hakika haikupewa damu?"

Nikatazama chini, nikatikisa kichwa. Mume wangu alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Njiani alininunulia soda!

Nilijiambia nitarudi peke yangu miezi minne ikipita. Nitamwambia Afande kwa siri. Miezi ikapita. Mara siku ya soko, mara mvua, mara Mumbere anaonekana mzima. Aliposhikwa na maumivu ya miguu, kila mganga tuliyemwendea alisoma lile jibu na kusema si damu, labda ni baridi yabisi, labda mtoto anadeka. Mama mkwe alisema mvivu. Nami nikamkemea mwanangu, "Simama, utembee kama wenzako!" Nilimkemea mtoto ambaye mifupa yake ilikuwa inaungua!

Alipokuwa na miaka minne mpunga wa Mubuku uliiva, nasi tukahamia shambani kufukuza ndege. Mumbere alipewa debe na fimbo. Alifurahi sana. "Mama, ndege beko wengi! Naua wote!" Alikimbia kwenye mifereji, maji yale ya mlimani, baridi kama barafu, akarudi amelowa mpaka kiunoni.

Asubuhi hakuweza kusimama. Tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nikafunua kope.

Kweupe. Nilikujua kweupe kule!

Tulipanda bodaboda kwenda hospitali Kasese. Nilisema moyoni, tukifika nitasema, nitapiga kelele, wampe damu hata mbele ya ukoo wote. Njiani, kabla ya kufika Rukoki, mkono wake uliokuwa shingoni mwangu ulilegea.

Labda angekufa hata hivyo. Wengine hufa, sitawadanganya tena. Lakini ingejulikana, angekuwa na vidonge vya kila siku, dawa ya kuzuia malaria, na nguo kavu. Ningefundishwa kupapasa tumbo lake nijue linapovimba. Na asingetumwa kwenye yale maji.

Baadaye nilizaa mvulana mwingine. Alipotimiza miezi michache mume wangu mwenyewe akasema, "Huyu tumupime mapema." Maabara ile ile, Afande yule yule, mvi zimeongezeka.

"Hii ilipewa damu ya mtu mwingine?"

Nilifungua mdomo na sikuweza kusema ile hapana peke yake.

"Huyu hapana, Afande. Yule mwingine, ndiyo."

Afande aliweka chini bomba la sindano. Mume wangu hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka maabara ikafungwa. Nilipomfuata alisema bila kunitazama:

"Ungeniambia, ningekasirika. Ningekasirika, hasira ingeisha. Mutoto angekuwako."

Hajalirudia neno hilo tena. Hakuhitaji.

Damu ya mdogo ilisema SS. Safari hii gunia halikuchanganywa, nasi tukajua la kufanya. Anakunywa dawa kila asubuhi, anavaa sweta hata jua likiwaka, na baba yake ndiye anayempapasa tumbo kabla ya kulala.

Enyi wazazi wenzangu! Damu ya kuokoa mtoto si aibu, kubalini. Lakini mkiulizwa kwenye maabara, semeni. Semeni hata kama mume yuko hapo, hata mama mkwe, hata mchungaji! Mkishindwa, mwombeni mhudumu pembeni, mnong'onezeni. Kipimo hakiwezi kusoma mnachoficha. Na kama mlishadanganya, rudini leo. Hakuna atakayewapiga. Afande wangu alinipa kiti.

Mwanangu huyu mdogo sasa anakaa nami sokoni. Wateja wanampenda. "Unaitwa nani, musawe?" wanamuuliza, yaani mzee mdogo. Naye hujibu kwa sauti, "Baluku!"

Baluku ni wa pili. Kila Mkonzo anayesikia jina hilo hutazama nyuma yangu, akitafuta, kisha huuliza, "Na Mumbere iko wapi?"

Hapo naweka chini kikombe cha kupimia chumvi, nawaambia.