Roboti Kati ya Sebule na Jiko

Baba yangu alipokuja kutoka Kisondela kutibiwa, alifikia kwetu Bulyaga, na kila jioni tukawa tunaangalia tamthilia ya watu wa angani, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa mila yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mkaza mwana hawakai chumba kimoja wala kusemeshana. Kwa hiyo baba alikaa sebuleni, mke wangu akatazama kutokea jikoni kupitia mlango ulioachwa nusu wazi, na mimi nikawekwa hapo mlangoni, kwenye kiti cha plastiki.

"Mwambie mwenzio," alisema baba, "nahodha alikosea kurudi kumchukua yule daktari. Chombo kizima kingeungua."

"Mwambie baba, asingerudi, nani angewatibu?"

Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini ilinibidi nirudie neno kwa neno. Nikipunguza ukali, mke wangu ananisahihisha. Nikiacha kitu, baba anauliza kama nimelala. Nikitoa maoni yangu mwenyewe, wanaendelea kana kwamba sijasema kitu.

Siku moja ubishi ukawa juu ya roboti anayewatafsiria watu wa chombo na wale viumbe wa kijani. Umeme ulikuwa unawaishia, nahodha akataka kumzima. Nilimtetea kwa nguvu zote. Nikasema bila yeye wangekuwa wameshauana zamani.

"Wamzime tu," alisema baba. "Anachelewesha maongezi."

Nilikuwa bado sijafungua mdomo.

"Mwambie baba," mke wangu akasema kutoka jikoni, "hapo tumekubaliana."