Ng'ombe wa Mheshimiwa Kratz

Wazee kumi na wanne, suti mwilini na fimbo mkononi, waliingia ofisini kwa mbunge wa Kongresi hapa Louisville wakiwa wamebeba maziwa. Walikuja kumshukuru kwa ng'ombe aliyewapa.

Jamani, ng'ombe mwenyewe hakuwepo.

Nilimtunga mimi.

Naitwa Mucyo, Mnyamulenge wa milima ya Kivu Kusini, Kongo, nakaa mtaa wa Newburg. Kazi yangu ni kupanga maboksi kwenye ghala la Wendell Kratz. Huyu Kratz alianza na lori moja bovu, akiuza maboksi duka kwa duka. Miaka ishirini baadaye ana maghala manne. Halafu biashara ikamchosha, akautaka ubunge.

Na mimi nikautaka ubunge wake kuliko yeye mwenyewe.

Mke wangu Umwali alikuwa amekwama kambini Burundi, mwaka wa sita huo. Faili lake halisogei. Watu wakaniambia mbunge akiandika barua, faili linaamka. Basi nikaona: bosi wangu akishinda, mke wangu anakuja.

Nikamleta Kratz kanisani kwetu. Tunaabudu kwa Kiswahili maana tumechanganyika, na wengi tayari ni raia, wanapiga kura. Mkalimani ni mimi.

Kratz akashika maiki. "Mimi nauza maboksi. Siwaahidi kitu. Nikishinda, njooni mbishe hodi."

Akarudisha maiki. Yaani ndiyo hotuba imeisha!

Nikaangalia nyuso za wazee. Zimepoa kabisa. Mstari wa mbele amekaa Mzee Ezéchias, aliyekuwa na ng'ombe mia na arobaini kule milimani kabla hawajaporwa wote kwa siku moja. Huyo akikukubali, kanisa zima limekukubali.

Ulimi ukaniteleza. "Anasema anampa Mzee Ezéchias ng'ombe."

Weee! Vigelegele, watu juu ya viti, ngoma ikapigwa bila kuombwa.

Kwetu mtu akikupa ng'ombe mmekuwa ndugu, ninyi na watoto wenu na wajukuu. Na lazima uende kwake, mbele ya watu, umshukuru. Mzee alisimama akampa yule ng'ombe jina palepale, machozi yanamtiririka.

"Wanasema nini?" Kratz akaniuliza.

"Wamekupenda, bosi."

Novemba akashinda, Januari akafungua ofisi.

Nilifurahi siku moja tu. Ya pili hofu ikaingia. Fomu za Umwali nilikuwa nimeshazipeleka ofisini kwake, na wazee nao wanaulizia siku ya kwenda kushukuru. Wakienda, nimekwisha. Kratz atanitupa nje, mimi na faili langu.

Nikashindwa hata kukaa kwenye kiti. Nikaomba likizo, nikakimbilia Columbus kwa binamu yangu Theogene, aliyepanga karibu na chuo kikuu anachosoma. Sijavua hata viatu, mkewe huyo: "Shemeji! Ng'ombe wa mbunge hajambo?"

Kesho yake nikapanda basi mpaka Buffalo, karibu na mpaka wa Kanada, kwa dada yangu Mutesi. Jumapili kanisani kwao mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono. "Ni wewe ulitafsiri ile ng'ombe? Ubarikiwe!"

Sasa niende wapi, Kanada?

Simu ikaita. Mzee Ezéchias.

"Mucyo, bon, Ijumaa tunaenda kushukuru. Wa Columbus wanakuja, wa Buffalo wanakuja, wewe panda gari yao. Ni wewe mudomo yetu."

Safari ya saa tisa, na saa zote tisa napanga uongo wa kufunika uongo. Nitamwambia Kratz wamekuja kumpongeza. Nani atajua?

Tukafika ofisini. Pembeni ya Kratz amesimama binti mmoja, faili mkononi.

"Huyu ni Gracieuse, ameanza kazi wiki hii," Kratz akasema. "Amezaliwa Bukavu, Kiswahili anakijua. Leo atatafsiri yeye, wewe pumzika."

Nikasema moyoni, Umwali, nisamehe.

Mzee akasimama.

"Mheshimiwa, miye najua haukunipa ngombe."

Nini?

"Mujukuu wangu Shami anasikia Kingereza. Alinielezea siku ile ile, tukiwa bado kwa benchi. Nikamwambia anyamaze. Juu ya nini, donc? Tangu wanyanganye ngombe zangu, hakuna mutu alinipa hata moja ya mudomo. Ni huyu Mucyo tu. Nililia kabisa."

Akawaonyesha wenzake kwa fimbo.

"Kila muzee hapa iko na faili imekwama. Miye binti yangu Kanyana iko kambini. Lakini kwetu, mwenye alikupa ngombe, unaanza na shida yake. Andika kwanza barua ya bibi yake, Umwali."

Gracieuse alitafsiri yote, hakuacha kitu. Mimi naangalia kapeti.

Kratz akanigeukia. "Ulisema nimetoa ng'ombe?"

"Ndiyo, bosi."

"Na mimi nilisema siahidi kitu."

"Ndiyo."

Akaninyooshea kidole. "Kutafsiri, basi. Usinitafsirie tena maishani. Gracieuse, lete faili la Umwali."

Kisha akapokea yale maziwa, akanywa yote.

Umwali alitua mwezi wa tano. Uwanja wa ndege Mzee Ezéchias alifika kabla yangu. Akamkumbatia mke wangu, akamwombea, halafu akaninong'oneza: "Sasa Mucyo, ngombe yangu iko wapi?"

Nimeshaongea na mfugaji mmoja nje ya jiji. Mtamba, mwekundu, kama mzee anavyotaka.

Lakini Kanyana bado yuko kambini. Kila Ijumaa nikitoka ghalani naenda ofisini kwa Kratz kuulizia faili lake. Gracieuse akiniona tu anacheka, "Umekuja tena?"

Nimekuja tena. Wewe unayesoma, ukimwahidi mtu kwa kutumia jina la mwingine, ahadi hiyo ni yako. Mzee yule angeweza kumtaja binti yake kwanza siku ile, akamtaja mke wangu. Nitakaaje nyumbani na Umwali nikatulia?