Simbilisi wa Dada

Jikoni kwetu Iringa simbilisi, wanyama wadogo kama panya wanono wasio na mkia, walizurura miguuni mwetu, wakila majani ya mahindi na kupiga kelele mama akiingia na kapu. Walikuwa kitoweo, lakini mimi niliwapa vyeo: huyu jumbe, yule mchungaji.

Mwaka ule dada yangu alikohoa masika nzima hadi miezi ya baridi. Hospitalini walitazama makohozi yake kwa hadubini, hawakuona kitu. Bwana mpimaji akasema ipo njia nyingine: simbilisi achomwe sindano yenye makohozi hayo, kisha wangoje wiki kadhaa. "Wa kwetu wamekwisha. Nyumbani mnaye mzima?"

Mama akauliza, "Kwa hiyo ugonjwa utaingia kwa simbilisi?"

"Kama upo, utaingia, mama."

Hayo yakamtosha. Zamani kwetu mtu akizidiwa, wazee walimzungushia kuku ili ugonjwa umtoke umwingie kuku, na mama, pamoja na Ukristo wake wote, hakuwa amesahau. Akachagua dume nono kuliko wote. "Huyu ana nguvu za kubeba." Nami nikaamini, tena kwa furaha.

Kila nilipoteremka mjini nilimpelekea majani mabichi kule hospitalini. Mwanzoni alinikimbilia. Baadaye akawa anabaki kwenye kona ya kizimba, manyoya yamesimama, mifupa ya mgongo imetokeza. Nililia pale pale, kisha nikapanda kilima mbio.

"Mama, amekonda!"

Mama akapiga vigelegele. "Umesikia, wewe? Unatoka huo!"

Dada alikuwa amejilaza mkekani, anaota jua. Akacheka hadi akakohoa. "Masikini mume wangu! Tumeozeshwa kwa sindano, na sasa ananifia." Siku hiyo alikula ugali, akaomba mwingine. Mimi nikaanza kumpangia safari: tutapanda basi hadi Mbeya kwa mjomba, tukale ndizi mpaka tuchoke.

Tulipoitwa hospitalini sote watatu, mama alivaa kanga zake za kanisani. Bwana mpimaji alikuwa amekwisha kumpasua mnyama.

"Tumekuta vidonda kwenye ini na wengu. Pole sana, mama. Binti ana kifua kikuu."

"Lakini si umeingia kwa simbilisi?"

"Umeingia kwake, na kwa binti haukutoka. Yule ametuonyesha tu."

Dada alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, na safari hii hakuwa na mzaha wowote. Nikauliza habari za dawa. Bwana mpimaji akasema hapa hakuna. Iko hospitali ya kifua, mbali kaskazini, na wanaongoja nafasi ni wengi.

"Pengine yule peke yake hakutosha," mama akasema. "Kesho nitaleta jike lenye mimba. Litasaidiana na watoto wake."



Kesho yake mama alilileta kweli, ndani ya kapu. Bwana mpimaji akalipokea kwa mikono miwili, akamwomba mama akae kidogo wazungumze. Mama hakukaa. Alitaka kuwahi nyumbani, aone kama kikohozi kimepungua.