Mtani wangu Minza na nyasi za paa lake

Jamani, kichwa changu kimekataa. Nimeambiwa tangu alfajiri kwamba Minza hayupo, na bado nimeshika simu, nasubiri anipigie anitukane.

Wengi mnaonifuata humu hamumjui. Posti ni ndefu, nivumilieni, leo sina uwezo wa kufupisha.

Minza alikuwa Msukuma, mimi Mfipa. Mliokulia huku Mpanda mnajua maana yake: watani, kutukanana ruksa. Yeye na mumewe walifika Litapunga na ng'ombe wao mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakajenga jirani na shamba letu.

Wiki ya kwanza tu ndama wake wakaingia kwenye matembele yangu. Nikaenda nimefura. Akanitazama toka juu mpaka chini: "Dada, mbona makelele? Majani yenyewe mabaya, ndama wangu wanaharisha." Akanipa kibuyu cha maziwa mgando. Nikanywa huku nimenuna. Alipojua mimi ni Mfipa ndiyo kabisa, heshima ikaishia hapo.

Halafu ukaja mwaka wa moto. Mwezi wa kumi, upepo, pori limekauka kau. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kabla zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii nilitembea nayo kama nimebeba mayai.

Mchana tukaona moshi upande wa mlimani. Mume wangu na wenzake wakakimbia na matawi mabichi kuupiga moto. Wapi! Upepo ukageuka, moto ukawapita, ukaja kijijini.

Minza akatokea na mkokoteni wa ng'ombe, anapiga miluzi. Mimi nahangaika kutoa sufuria la maharage jikoni. "We Mfipa, panda! Maharage utakula mbinguni?"

Nikapanda. Na sufuria langu.

Nyuma yetu iliungua nyumba, jiko, kihenge cha mahindi, vyote. Nililia mpaka kwikwi. Minza anaswaga ng'ombe kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko ndani ya sufuria langu. Nikajikuta nacheka na machozi yananitoka. Ndivyo alivyokuwa huyo mwanamke.

Watu hudhani moto ukizimika mambo yameisha. Thubutu! Ardhi nyeusi mpaka macho yanachoka, harufu ya majivu hata kwenye uji. Na nyasi zote za kuezekea zilikuwa zimeteketea. Mume wangu alisimamisha kuta, akafunga fito, juu pakabaki wazi. Bati wakati ule lilikuwa la wenye nazo.

Mtoto akaja kabla ya siku zake. Mdogo jamani, anaenea kwenye viganja viwili. Mkunga hakunificha: "Mama, huyu akilowa, humpati." Na sisi tulikuwa tunalala chini ya turubai la kuazima, lililochanika. Kwa Minza moto haukufika, lakini kulishajaa, familia mbili zilizounguliwa zilikuwa zinalala mpaka jikoni.

Wakati huohuo maneno yakazagaa kwamba wafugaji ndio waliochoma pori, ng'ombe wapate majani mapya. Nani alichoma, hajulikani mpaka leo. Huku kwetu kila mtu anachoma: mwindaji, mrina asali, mkulima. Lakini wapo walioacha kumsalimia Minza kisimani. Iliniuma sana. Yeye aliwasalimia vilevile, kwa sauti kubwa, mpaka wanaona aibu.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Nilikuwa nayaangalia na mtoto kifuani, namuomba Mungu ayapeleke Sumbawanga kwa shangazi zangu.

Asubuhi moja nikasikia miluzi. Mkokoteni umejaa nyasi, zimefungwa mafungumafungu, nyingine zina masizi. Nikamuuliza amezitoa wapi, pori zima si jivu?

"Mfipa mzima unaogopa mvua? Si nyie wachawi wa kutuma radi, muitulize!"

Akawa anarusha mafungu juu, mume wangu anaezeka, na kila fungu likipanda na kejeli yake. Tulimaliza kabla jua halijazama.

Mvua ikanyesha kesho yake mchana, mvua ya mawe. Mwanangu alilala mkavu, ananyonya.

Ilipokatika nikaenda kwa Minza kushukuru. Nikakuta ngozi yake ya kulalia imeanikwa uani, mwenyewe anapiga chafya. Nikachungulia ndani. Wageni wake wako salama, ila juu ya chumba chake naona mawingu. Aliezua upande wake mwenyewe, Minza. Nikaanza kulia.

"Usinililie humu, pameshalowa."

Mumewe aliporudi kutoka mnadani akauliza paa liko wapi. Akajibiwa, "Ng'ombe wako wamekula." Mzee wa watu alikaa chini, akacheka mpaka akasahau kugomba.

Mtoto tukamwita Masanja. Mfipa na jina la Kisukuma! Ukoo wangu ulisema mwaka mzima. Alikua akiniita mimi mama, na Minza akimwita mayu, ambayo ni mama vilevile kwa Kisukuma.

Minza, nimekaa hapa uani kwako natafuta tusi moja tu la mtani, silipati. Watani wenzangu wanawachekesha waombolezaji kama desturi inavyotaka. Mimi nimewaachia. Nakupenda, na sikuwahi kukwambia hivyo kwa maneno ya kawaida.

Masanja yuko kwenye basi toka Dar, amepiga sasa hivi wako Tabora. Mtu mzima na ndevu zake analia kama mtoto. "Mama, muombe mayu anisubiri. Msimzike sijamwona."

Nimeingia chumbani ulipolazwa, nimekuinamia sikioni, nimekwambia hivyohivyo. Wazee nao wamekubali, kaburi halifukiwi mpaka mwanao afike.

Basi msubiri, mtani wangu. Akishafika, ulale kwa amani.