Namba ya Kofia Tatu

Mtaa mzima wa Katuba ulimjua Papa Liévin kwa mambo mawili: hakosi kipindi cha Kofia Tatu redioni kila Jumamosi, na akishasema hapana, hata umletee askofu habadiliki. Macho yake yalizimika miaka kumi na mmoja iliyopita, la kushoto kwanza, la kulia likafuata kabla mwaka haujaisha. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa reli, kazi yake kupokea treni za mizigo na kuandika namba za mabehewa. Kuandika kwenyewe kulikuwa kwa kumridhisha mkubwa wa kazi tu, maana namba zote alizibeba kichwani. Mpaka leo ukimchokoza atakutajia, behewa moja moja, treni iliyotoka Kamina wewe hujazaliwa.

Na Kofia Tatu ni nani? Kama unauliza, basi wewe si wa hapa. Ni mchekeshaji. Anavaa kofia tatu kwa pamoja: ya chini ya sufu, ya katikati ya majani, ya juu ile kofia ngumu ya njano ya watu wa mgodi. Miaka ishirini anatuchekesha jukwaani na kwenye televisheni, na hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Aliposema anagombea ubunge wa jimbo, watu walicheka kwanza. Kisha wakaona mwenyewe hacheki, wakaanza kumfuata.

Papa Liévin alikuwa na sababu yake. Mwaka ule wastaafu wa reli walipokuwa wakifa mmoja mmoja kwa kungoja pensheni, wakubwa wote walinyamaza kimya. Kofia Tatu peke yake ndiye aliyewasema redioni, katika mchezo wa mzee aliyesimama kwenye foleni mpaka mchwa wakajenga kichuguu ndani ya kiatu chake. Katuba ilicheka mpaka mbavu zikauma. Papa Liévin alikaa na redio yake mapajani akalia, kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyemwona.

Basi kura yake alijua anampa nani. Shida ilikuwa mkono. Mashine ya kupigia kura ni kioo kitupu, hakuna cha kupapasa, na kipofu lazima aingie na mtu wa kumbonyezea, au kumfinyia kama tusemavyo hapa. Mtu huyo unamchagua mwenyewe. Uchaguzi uliopita alimchagua Fils, mtoto wa dada yake. Alimtajia jina analolitaka, Fils akajibu, "Tayari, tonton," maana hivyo ndivyo anavyomwita mjomba wake. Wiki haikuisha, Papa Liévin akiwa amejipumzisha nyuma ya ukuta, akamsikia Fils akiwapigia wenzake hadithi: "Mi nilifinya wangu. Muzee ataona wapi?" Wakaangua kicheko. Papa Liévin aliinuka akaingia ndani. Kicheko kile alikibeba miaka mitano, palepale anapobeba namba zake.

Sasa tazama dunia ilivyo. Mwaka huu Fils ndiye aliyekuwa rais wa mashabiki wa Kofia Tatu katika mtaa wao. Rais kweli! Ana tisheti, ana filimbi, ana kofia tatu za katoni alizozipaka rangi mwenyewe. Gari la muziki likipita, yeye yuko mbele, vijana hamsini nyuma yake wamevaa katoni vichwani, wanatimua vumbi mpaka mtaa wa Kenya na kurudi. Akaja kwa mjomba wake jasho likimtiririka.

"Tonton, mwaka hii hakuna shida. Mi na we tuko na muntu moja. Nitakupeleka."

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Fils, peleka miguu yako. Kura yangu nitaipeleka mwenyewe."

Fils hakujua kwamba mjomba wake alijua. Alidhani ni uzee.

Siku moja msafara wa Kofia Tatu ulisimama karibu na soko, na Papa Liévin akaingia katikati ya watu kwa fimbo yake, akiwasukuma bila aibu. Watu walimpisha. Aliposhika mkono wa Kofia Tatu hakuuachia.

"Numero yako ni gani?" aliuliza.

"Numero?"

"Ya ku mashine."

Mchekeshaji aliinama karibu na sikio lake. Kisha akajibu kwa sauti ambayo Papa Liévin hakuwahi kuisikia redioni, sauti ya mtu aliyechoka. "Mia mbili na kumi na nne, papa. Tangu tumeanza, bantu banaomba tu nibachekeshe. We njo wa kwanza kuniuliza ile."

Mia mbili na kumi na nne. Papa Liévin aliiweka kichwani, pamoja na jina la kuzaliwa alilonong'onezwa, pale pale alipokuwa akiweka namba za mabehewa. Jioni alimwita Fils akamwambia awafundishe vijana wake namba hiyo kama wimbo, kwa sababu wagombea ni wengi kuliko siafu.

Fils akacheka. "Tonton, nani hamujue Kofia Tatu? Mwenye macho haambiwi tazama!"

"Haya," alisema Papa Liévin. "Bariki macho yako."

Mbele ya lango la Papa Liévin aliuza unga mama mmoja, Mama Clotilde, ambaye babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Mdomo wake, Mungu amsamehe, ulikuwa wembe. Yeye alikuwa wa Maître Stéphane, mwanasheria anayeimba naye kwaya na mgombea pia, na kila asubuhi yeye na Papa Liévin walianza siku kwa ugomvi.

"Papa Liévin, unataka kutupelekea clown ku bunge?"

"Wewe unapeleka mwongo mwenye tai. Afadhali wangu, anajijua kama anachekesha."

Hivyo hivyo, siku baada ya siku, mpaka wapita njia wakazoea kusimama kusikiliza. Kwa hiyo fikiria mshangao wa mama huyo, wiki mbili kabla ya kura, Papa Liévin aliposimama mbele ya meza yake na kusema, "Mama Clotilde, siku ya kura utaniingiza ndani. Utanifinyia."

Kikombe cha kupimia unga kikasimama hewani. "Mi? Mi niko wa Maître! Umesahau?"

"Sijasahau."

"Na kama nikifinya Maître?"

"Utaniambia," alijibu Papa Liévin, akaomba unga wake.

Mama Clotilde aliupima unga uleule mara mbili, na yeye si mtu wa kukosea kipimo. Lakini alijua ombi hilo linatoka wapi. Miaka minne nyuma, Michelle, mke wa Papa Liévin, alikuwa amelazwa hospitalini, na ukoo mzima ulimwambia mzee kwamba mama anaendelea vizuri, atarudi Jumapili. Walimhurumia, wakamdanganya. Ni huyu muuza unga aliyemshika mkono akamwambia, "Papa Liévin, Michelle hatarudi. Nimemwona kwa macho yangu. Twende leo." Walikwenda. Alikaa na mkono wa mke wake mkononi mpaka saa kumi na moja jioni, wakaongea yote waliyokuwa nayo, na usiku huo Michelle akafariki. Kama angengoja Jumapili, angeshika jeneza.

Habari ilipoenea, mtaa ulichacha. Fils alikuja na ujumbe wa vijana watano, kofia zao za katoni mikononi. "Tonton, unatuua! Kura yetu unaipa adui!"

"Haiko kura yenu. Iko yangu."

Hata upande wa pili hawakumwacha Mama Clotilde. Wenzake wa kwaya walimpongeza. "Mungu amekupa kura mbili," walimwambia, wakicheka na kumgongagonga bega. Mama Clotilde alicheka nao. Alipofika nyumbani hakucheka tena.

Siku ya kura mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua ile ya Desemba isiyoomba ruhusa. Foleni ilizunguka shule mara mbili. Papa Liévin alivaa koti lake la reli, akasimama saa nne nzima, na kila aliyempa kiti alimwambia hapana. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Waliokuwa karibu walidhani anasali rozari. Alikuwa anasema mia mbili na kumi na nne.

Mbele yake kwa watu kumi, Fils aliingia akipuliza filimbi, wakamnyang'anya mlangoni. Alikawia ndani. Foleni ikaanza kupiga kelele: "We, unaoa humo ndani?" Alipotoka, alipita pembeni ya mjomba wake bila kumsalimu.

Zamu yao ilipofika, Mama Clotilde alimshika kiwiko wakasimama mbele ya mashine. Papa Liévin alimtajia namba. Akasikia ukucha ukigonga kioo mara tatu.

"Mamu wanyi!" alinong'ona Mama Clotilde, yaani mama yangu, kwa lugha ya babu yake. "Papa Liévin, hapa kuna muntu wa kipara."

"Jina?"

"Mapalo Jephté."

"Njo ye."

"Hana kofia hata moja! Kichwa tupu, inang'aa, na tai ya nyeusi. Iko sawa muntu anaenda ku matanga."

Kumbe picha za mashine hazitaki kofia, na mtu hawezi kuingia bungeni kwa jina la jukwaani. Papa Liévin, ambaye hakuwahi kuziona kofia zenyewe vizuri hata alipokuwa na macho, hakujali. Alingoja. Mama Clotilde naye hakufinya bado. Mvua ilipiga mabati. Papa Liévin alijua kwamba katika kioo kile, mahali fulani, Maître Stéphane naye alikuwepo, na umbali wake ulikuwa kidole kimoja. Hakumkumbusha namba. Angesema nini? Alikuwa amekwisha kuchagua.

Mashine ikaguna, ikatema karatasi.

"Nimefinya," alisema Mama Clotilde.

"Nani?"

"Wako. Na imeniuma, Mungu ananiona."

Karatasi aliikunja mwenyewe, akaomba aelekezwe kwenye sanduku, akaitumbukiza kwa mkono wake.

Kesho yake asubuhi matokeo ya kile chumba yalibandikwa mlangoni. Mashabiki walijaa uwanjani na katoni zao, zimelowa, zimelegea juu ya masikio. Papa Liévin alikuwa hapo na Mama Clotilde. Fils ndiye aliyesoma, mjomba wake akimtajia mia mbili na kumi na nne, kidole kikishuka karatasini, kikapita, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Mapalo Jephté," alisema. "Moja."

Moja! Vijana hamsini wenye kofia za katoni, nusu yao walipiga kura katika chumba hicho. Kura moja. Hakuna aliyepuliza filimbi.

Kisha Fils akapata sauti. "Ile moja ni yangu!" alipaza. "Bantu, muko mnaona? Huyu mama amekula kura ya tonton! Nilisema, hamkunisikia!"

Watu wakageuka. Mama Clotilde alifungua mdomo, ule mdomo wa wembe, na haukukata kitu. "Papa Liévin," alisema tu, "mi nilikuambia kweli."

Wacha nikwambie, mzee aliogopa. Kwa dakika moja alikuwa nyuma ya ukuta ule, akisikia kicheko. Ama alikuwa amedanganywa mara ya pili, na mtu pekee aliyemwamini duniani, ama hakudanganywa. Alikaza mkono juu ya fimbo.

"Fils," aliita kwa upole, "ulimuona ku mashine?"

"Nilimuona, tonton! Kwa macho yangu!"

"Kofia ya juu ilikuwa ya rangi gani?"

"Ya njano! Sawa siku zote!"

Mama Clotilde akashusha pumzi. Yule mtumishi wa chumba cha kura, aliyekuwa akisukuma watu mbali na mlango, akacheka kidogo puani.

"Hakuvaa kofia," alisema Papa Liévin. "Iko na kipara na tai ya nyeusi. Na mwaka ule ulifinya wako, Fils. Nilikuwa nyuma ya ukuta."

Fils alivua kofia zake, moja, mbili, tatu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu. "Nilitafuta kofia, tonton. Nilipindua picha zote. Bantu banapiga makelele inje, nikafinya moja tu mwenye alifanana naye."

"Hata mi," alisema mmoja nyuma.

"Mi pia sikuona kofia," alisema mwingine, na mwingine, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Papa Liévin alimwomba Mama Clotilde amfikishe mlangoni. Mama alimshika kidole akakiweka juu ya karatasi, pale penyewe. Karatasi ilikuwa bado na unyevu wa mvua.

"Iko hapa?"

"Iko hapa. Moja."

"Na Maître wako?"

"Kumi na tisa. Hatafika popote, na yeye."

"Pole."

"Pole yako we mwenyewe, na moja yako!"

Mzee alicheka, mara ya kwanza tangu kampeni ianze, lakini kidole hakukiondoa. "Iko moja," alisema, "na hakuna muntu aliyenikulia kura." Kisha akageuza uso upande wa mpwa wake aliyesimama pale na katoni mikononi. "Fils, kesho utakuja nyumbani. Iko miaka mitano mpaka kura ingine. Tutaanza na namba."