Mstari Ambao Hakuuchora

Jirani yangu alipima mvua kwa miaka thelathini na minne, na mtaa mzima ulimwita Bwana Mvua, hata wale ambao hawakujua kazi yake hasa. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, si saa tatu na dakika mbili, alipiga magoti kwenye uwanja wa kituo cha hali ya hewa, akatoa chupa iliyokaa chini ya faneli ya shaba, akamimina maji kwenye kioo chembamba chenye alama za milimita, akakiinua hadi usawa wa jicho, akasoma. Siku kavu aliandika sifuri, lakini magoti aliyapiga vilevile. Pale alipokuwa akipiga magoti pakafanya vishimo viwili.

Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni ile chupa. "Na mwenzangu huyo ana raha," alituambia siku moja akitumiminia chai. "Hajawahi kuulizwa chakula kiko wapi."

Kazi ile ilikuwa na sheria moja kubwa. Siku ambayo mvua haikupimwa, mpimaji alichora mstari mfupi mahali pa namba, na pembeni akaandika sababu. Wapimaji wa vituo vingine walikuwa na mistari tele: homa, msiba, ulevi ulioandikwa homa. Madaftari ya Bwana Mvua hayakuwa na mstari hata mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake. Baadaye wakubwa wake wakasimamisha mashine juu ya mlingoti, wakamstaafisha kwa cheti na saa ya ukutani, na hiyo saa ikasimama kabla ya mwaka kuisha.

Mwaka jana akaja binti mmoja anayeandaa mikutano ambapo watu hupanda jukwaani kusimulia maisha yao na sayansi. Zamani aliyejua jambo alilifundisha, akaulizwa maswali, akajibu. Siku hizi hapewi sikio mpaka aeleze lilimuuma wapi. Binti alimpa dakika sita. Alitaka kisa cha mtu ambaye hakukosa siku hata moja. Bwana Mvua alimsikiliza huku akijikuna goti.

Binti alipoondoka, Bwana Mvua akanigeukia. "Kuna siku moja ni ya uongo," akasema.

Ilikuwa siku aliyozaliwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Mkewe alishikwa na uchungu kabla ya alfajiri, mvua ikimwagika, naye akakaa kwenye benchi la hospitali hadi mtoto alipolia. Alifika kituoni saa sita mchana. Mbuzi walikuwa wamepenya kwenye ua uliobomoka wakaangusha kipimo, na chupa ilikuwa tupu. Alitakiwa kuchora mstari. Badala yake alitazama beseni la kufulia lililoachwa uani, akakadiria maji yaliyomo, akaandika thelathini na moja.

Nilimwambia anyamaze. Miaka arobaini imepita, nani atakwenda kuifukua?

"Hakuna haja ya kuifukua," akasema. "Inatumika kila siku. Wanaijumlisha na zile za kweli, wanatafuta wastani, halafu wanajengea madaraja."

Kwenye mkutano ule, mkuu wa kituo wa sasa angekaa safu ya mbele. Bwana Mvua alitaka kulisema kosa lake mbele ya mashahidi, ili namba ile ifutwe na mstari uchorwe. Alichokitaka kilikuwa hicho tu.

Yule binti wa mikutano aliporudi na kuelezwa, alishika kifua. "Babu, hii ndiyo hadithi yenyewe," akasema. Akamshauri amalizie kwa kusema kwamba namba ile ilikuwa zawadi kwa mwanawe. Bwana Mvua akamjibu kwamba haikuwa zawadi, lilikuwa kosa. Binti akaandika kitu kwenye simu yake, akasema tutaona.

Jumamosi saa tisa alasiri tulikuwa kwenye ukumbi wa chuo. Aliyemtangulia, daktari wa mifugo, aliwavunja watu mbavu kwa kisa cha ng'ombe aliyemkalia. Kisha akapanda Bwana Mvua na koti lake la kazini. Alisimulia kama anayesoma daftari: tarehe, saa, ua, mbuzi, beseni. Hata dakika sita hakuzimaliza.

"Sikupima. Nilikadiria," akasema. "Naomba ifutwe."

Ukumbi mzima ukasimama. Watu walipiga makofi na miluzi, wengine wakifuta machozi. Binti yake, mama mtu mzima, alijifunika uso kwa viganja. Mshereheshaji akatangaza kwamba huyo ndiye baba wa mwaka. Bwana Mvua hakushuka. Alisimama palepale, mikono ubavuni, akingoja makofi yaishe ili ajibiwe.

Jibu alilipata nje, kwenye meza ya soda. Mkuu wa kituo, kijana wa kuweza kuwa mwanawe, alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia amewatoa machozi. Bwana Mvua akamuuliza namba itafutwa lini.

"Mzee wangu, madaftari yale hayapo," yule mkuu akasema kwa upole. "Tulipohama jengo tulikuta mchwa wameyala, tukayachoma. Tulichokuwa tumeingiza kwenye kompyuta ni jumla ya kila mwezi tu."

"Na ile thelathini na moja?"

"Imo ndani ya jumla, na daftari la kuithibitisha halipo. Haiwezi kutoka tena. Lakini usijali, ni ndogo."

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima alisema neno moja. "Yote?" akaniuliza, na nikamwambia ndiyo, madaftari yote.

Tangu astaafu alikuwa ameweka kopo uani kwake, na kila saa tatu asubuhi alilipima kwa rula, nami nikiwa uani kwangu ananitajia namba niiandike kwenye kalenda. Jumatatu ile kulikucha mvua imenyesha sana. Saa tatu nilisimama kwenye ua. Kopo lilikuwa limejaa hadi mdomoni, mlango umefungwa. Ilipofika saa tatu na robo akafungua dirisha, nikamuuliza kama nimpimie mimi.

"Chora mstari, jirani."

Nikamuuliza sababu niandike nini. Akafunga dirisha.