Dobi wa Timu ya Nyuki

Siku za kazi Polikarpo alikuwa mtu wa kuja. Ndivyo walivyomwita Temeke, wala si kwa ubaya mwingi, kama mtu anavyoitwa mrefu au kipara. Alitoka kusini, upande wa Masasi, akaja Dar es Salaam kwa meli ya Lindi na mkewe Eufrazia, akajifunza udobi kwa Mhindi mmoja mjini. Alipopata karai lake na pasi yake ya mkaa akahamia Temeke, akapanga chumba katika nyumba ya Wazaramo. Alipopita barazani jioni watu wakinywa kahawa, walimwitikia salamu vizuri kabisa, kisha wakaendelea na Kizaramo chao. Hakuna aliyemfukuza. Wala hakuna aliyejisogeza mkekani ampe nafasi ya kukaa.

Lakini siku ya mchezo, Mola ampe nini tena! Timu ya mtaa iliitwa Nyuki, na jezi za Nyuki, njano zenye mistari myeusi, zilifuliwa na Polikarpo. Aliomba mwenyewe kazi hiyo, na hakutaka kulipwa. Alichokitaka ni ile safari ya kutoka nyumbani kwa Mzee Marijani, mwenyekiti wa timu, hadi kiwanjani. Tarumbeta mbele, wachezaji nyuma yake, akina mama wakipiga vigelegele milangoni, na katikati yao yeye Polikarpo, kanzu imenyooka, furushi la jezi kichwani. "Mpisheni dobi wetu!" watu walipiga kelele. Kwenye lango la ua wa makuti, ambako wengine walisukumana kama kuku kwenye tenga, yeye alipita bila kuulizwa neno.

Mpira wenyewe hakuuelewa sana. Kuna mara alishangilia bao la wageni, ikabidi Eufrazia amfinye. Raha yake ilikuwa kabla ya mchezo. Aliamka alfajiri, akaenda misa ya kwanza, akarudi kupiga pasi, akala mihogo ya nazi bila haraka, akaoga mara mbili. Refa akipuliza filimbi, kwake siku ilikuwa imekwisha.

Basi ikaja Jumapili ya kucheza na Radi ya Kinondoni. Watu wa Radi walikuwa na jezi mpya kutoka dukani, na walikuwa wametamba mji mzima. Temeke hapakulalika. Jumamosi asubuhi Fakihi, mtunza vifaa wa Nyuki, alikuja kuzichukua jezi ambazo Polikarpo alikuwa amekwisha kuzifua, akasema zina shughuli kidogo. Magharibi akazirudisha zimefungwa kwenye shuka.

"Zitunze hadi kesho," akasema, macho yake yako njiani.

"Shughuli gani hiyo?"

"Shughuli tu, ndugu yangu. Mie nimetumwa."

Akaenda zake. Na hapo ndipo penye kosa lote, ukitaka kulitafuta. Mwenyeji wa Temeke asingehitaji kuambiwa. Jezi zimekwenda mahali siku moja kabla ya mechi kubwa, zimerudi, basi mambo ya dawa hayo, na dawa haitajwi, ikitajwa inavunjika. Kwao Polikarpo pia dawa zilikuwapo, nani asiyekuwa nazo, ila mtu alifunga hirizi yake kiunoni, hakuipaka nguo za watu wengine.

Aliporudi misa Jumapili akalifungua furushi ili apige pasi ya mwisho. Uso ukamsawijika. Jezi zilikuwa na michirizi ya majivu, mabaka ya kitu kama mafuta, na harufu ya kumtoa panya shimoni.

"Wamezilalia jikoni!" akasema. "Mama Kasiani, hebu ona! Radi wanakuja na jezi za dukani, halafu sisi tutoke hivi?"

Eufrazia akainama akanusa. "Baba Kasiani, huu ni mvuje. Ule utomvu ambao jirani yetu Mwanaheri amemfungia mtoto wake mkononi. Mvuje hauingii jikoni kwa bahati mbaya. Nenda kamwulize Fakihi."

"Nikamwulize kama nguo chafu inafuliwa? Mimi dobi wa nini?"

Akachukua sabuni ya mche. Mwanamume akikasirishwa katika kazi yake hashikiki. Alifua, akafikicha, akasuuza, akazitia kola wanga kidogo. Jua la Dar es Salaam halina hiana. Zilikauka upesi, akazipiga pasi moja moja na kuzirudisha kambani zipoe. Zikaning'inia uani zinang'aa. Alizitazama kwa furaha, na akawaza jinsi Mzee Marijani atakavyompigia mfano mbele ya watu.

Fakihi alifika baada ya adhuhuri. Aliingia uani, akaona kamba, akaketi chini mchangani na kanzu yake nyeupe.

"Umezifua," akasema.

"Zilikuwa zinanuka."

"Umezifua! Polikarpo, umetuua. Mganga ameshinda nazo makaburini kutwa! Mzee Marijani mwenyewe ametoa mbuzi!" Akajishika kichwa. "Kwa nini hukuuliza?"

"Nilikuuliza. Ukaniambia umetumwa."

Mganga alikaa mbali, ng'ambo ya Mbagala, na tarumbeta lilikuwa limekwisha kuanza kusikika kwa Mzee Marijani. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagwa na sabuni juu yake. Polikarpo akasema waende wote wawili wakamweleze mzee. Fakihi akamkamata mkono.

"Thubutu! Wachezaji wakisikia, miguu itakufa hata kabla hawajaingia. Ni lazima zinuke. Zisiponuka watajua."

Basi Eufrazia akatumwa kwa jirani yao Mwanaheri kuomba mvuje, akasema mtoto wao ana tumbo. Mwanaheri, mama mwema, akamega kipande kilichokuwa cha mwanawe. Polikarpo akaukoroga na maji na majivu ya pasi yake mwenyewe, akazipaka kola alizozitia wanga. Hajawahi maishani mwake kuchafua nguo safi, na aliona aibu kama mtu anayevua nguo sokoni.

"Sasa sikiliza," Fakihi akasema walipomaliza. "Tukishinda, mie na wewe hatujui kitu. Tukifungwa, nitasema ukweli. Nina watoto, nimezaliwa hapa, nitazikwa hapa. Wewe unaweza kwenda kupanga Kinondoni."

Polikarpo akalibeba furushi. Tarumbeta lilikuwa lile lile, na vigelegele vile vile. "Mpisheni dobi wetu!" Kila aliyemshangilia alimwona kama anamuaga. Alitembea akiwaza chumba chake, karai lake, mtoto wake Kasiani aliyekwisha kujua Kizaramo kuliko baba yake. Alitaka kulitupa furushi akimbie, lakini angekimbilia wapi na watu wamejaa pande zote wanamchekea kwa furaha? Wachezaji walivaa, wakanusa kola zao, wakatazamana wakatabasamu. Kapteni akampiga Polikarpo begani. "Leo wamekwisha," akamnong'oneza.

Radi walipata bao mapema. Upande wa pili wa uwanja Fakihi akageuza shingo akamtazama Polikarpo. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayepima kuku wa kuchinja. Polikarpo akatia mkono mfukoni, akaishika rozari yake, akamwomba Bikira Maria, mama wa huruma, aisaidie dawa ya mganga wa Mbagala ambayo haipo. Alijua anaomba jambo la ajabu. Hakuwa na mwingine wa kumwomba, na mpira ulikuwa unakwenda huku na huko bila kumsikiliza.

Sijui kama ni Maria, au miguu ya vijana, au mvuje wa mtoto wa Mwanaheri. Nyuki walisawazisha. Na jua likikaribia minazi, winga mmoja mfupi akapiga shuti likampita kipa wa Radi ubavuni. Kiwanja kikalipuka. Ua wa makuti ukalala chini, watu wakamiminika ndani, akina mama wakatandika kanga zao wachezaji wapite juu yake. Polikarpo aliruka, akamkumbatia mtu asiyemjua, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Ameokoka! Akaenda kusimama mahali pake pa siku zote, akatandaza shuka lake, kwa sababu mchezo ukiisha wachezaji humtupia jezi zenye jasho wakisema, "Dobi, kamata!"

Jezi ya kwanza ilikuwa imeshaanza kuvuliwa Mzee Marijani aliponyanyua bakora.

"Ngojeni! Mmeiona kazi ya mganga?"

"Tumeiona!"

"Basi amesema, na mie nasema. Tukishinda, jezi hizi zisionje maji tena. Maji yanaondoa nguvu. Fakihi atazitia kwenye sanduku langu vile vile na jasho lake, na atazileta yeye mwenyewe kiwanjani."

Watu wakashangilia. Polikarpo akabaki na shuka lake mchangani. Akamtazama Fakihi, na Fakihi akawa anahesabu vifungo vya kanzu yake.

"Mzee Marijani, shikamoo," Polikarpo akasema.

"Marahaba, dobi. Sema."

Alikuwa nalo neno. Lilikuwa mdomoni kabisa. Jezi zilizoshinda leo zilikuwa zimefuliwa, tena kwa mikono hii, na sabuni ya mche, saa chache tu zilizopita. Kama angelisema hilo, angewavunjia ushindi wao vipande vipande mikononi, na wangemvunja yeye pamoja nao.

"Jasho huozesha nguo, mzee," akasema.

Wakacheka, hata kapteni. Mzee Marijani naye alicheka, kisha akamshika bega kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

"Acha zioze. Wewe umetutumikia sana, sasa upumzike. Siku ya mchezo njoo na mama watoto mkae mtazame mpira, kama watu wengine."

"Ahsante, mzee."

Msafara ukaanza kurudi mtaani, tarumbeta mbele, furushi kwenye kichwa cha Fakihi. Polikarpo akangoja mpaka wote wapite, kisha akalikung'uta shuka mchanga, akalikunja. Alipofika nyumbani Eufrazia alikuwa mlangoni, amesikia kelele, uso wote unacheka.

"Tumeshinda?"

"Wameshinda," akasema. Akaketi kizingitini mbele ya mkewe na mtoto wake, na machozi yakamtoka bila kuweza kuyazuia.